Aliyefiwa Hapewi Sababu

Katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa sheria na mijadala ya Kiyahudi uliokamilishwa Babeli yapata karne ya 6, kuna sehemu inayozungumzia udanganyifu sokoni: muuzaji aliyepandisha bei kupita kiasi, mnunuzi aliyepunjwa, mazao yaliyochanganywa ili mabaya yapite pamoja na mazuri. Katikati ya habari hizo za bei na bidhaa, marabi wanaingiza dhuluma ya aina nyingine, dhuluma ya maneno. Usimuulize mwenye duka bei ilhali huna nia ya kununua. Usimkumbushe aliyetubu matendo yake ya zamani. Na mtu akifikwa na mateso, au maradhi, au akizika watoto wake, usimwambie kama rafiki zake Ayubu walivyomwambia: hebu kumbuka, ni nani aliyewahi kuangamia bila kosa? Marabi wanaongeza kwamba dhuluma hii inapita ile ya fedha, kwa kuwa fedha inaweza kurudishwa.

Ningependa sheria hii ijulikane zaidi huku kwetu, kwa sababu inapinga jambo ambalo wengi tunalichukulia kuwa ndiyo kazi yenyewe ya dini. Msiba ukitokea tunamtazamia sheikh, padri au mchungaji asimame atueleze kwa nini. Asipoeleza, tunaeleza wenyewe. Mtoto wa miaka mitatu amekufa kwa malaria, mama yake amejikunyata kwenye mkeka, na wageni wanapita mmoja mmoja: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu amempenda zaidi, wewe bado kijana, utapata mwingine. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wamepanda daladala mbili kuja kuhani, wamechanga rambirambi, wamekesha. Lakini nimewaona akina mama wakiitikia "amina" kwa midomo huku macho yakisema mengine kabisa, na nadhani marabi wale wa Babeli nao walikuwa wamewaona.

Hoja yangu ni kwamba imani ya Kiyahudi, katika sehemu yake iliyo bora, imetenganisha vitu viwili ambavyo sisi tumezoea kuvifunga pamoja: kupata sababu ya mateso na kuwa na tumaini. Imeviachanisha kwa makusudi, kwa karne nyingi, na imelipa gharama kubwa kufanya hivyo.

Tuanze na Ayubu. Sisi tunamjua Ayubu wa subira. Mkristo na Mwislamu, wa pwani na wa bara, wote husema "subira ya Ayubu", na ni kweli yupo Ayubu huyo. Ila ukifungua kitabu chenyewe, chenye sura 42, utamkuta katika sura mbili za kwanza. Katika ya tatu anailaani siku aliyozaliwa. Kuanzia hapo anamshitaki Mungu, anataka kesi isikilizwe, anadai aandikiwe mashitaka aone ameshitakiwa nini. Wanaoongea kama wahubiri ni rafiki zake: Mungu ni mwenye haki, kwa hiyo lazima pana kosa mahali. Bildadi anafika mbali zaidi. Anamwambia mtu aliyepoteza watoto kumi kwa siku moja kwamba wanawe walitenda dhambi wakapata malipo yao.

Mwishoni Mungu ananena kutoka katika upepo wa kisulisuli, na hukumu yake hunishangaza kila ninapoisoma. Anaowakasirikia ni wale waliomtetea. Hao hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu, yule aliyelalamika na kumwita Mungu mahakamani. Tena Mungu hamwelezi Ayubu lolote kuhusu mateso yake. Msomaji anajua yaliyopita kati ya Mungu na Shetani kule mbinguni. Ayubu haambiwi mpaka kitabu kinakwisha.

Ile kauli tunayoipenda makaburini, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, imetoka humo humo. Aliyeisema ni Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe, siku ile ile. Mfiwa akiisema, ni sala yake. Tukimsemea sisi, tulioacha watoto wetu salama nyumbani, tumekaa kwenye kiti cha Bildadi hata kama maneno ni matakatifu.

Walifanya jambo moja jema, rafiki hao, kabla hawajafungua vinywa. Waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makuu mno. Marabi walishika hapo. Siku saba za matanga ya Kiyahudi, zinazoitwa shiva, zina kanuni kwamba anayekuja kuhani haanzi kuzungumza mpaka mfiwa aanze. Mfiwa anakaa kwenye kigoda kifupi, nguo yake imechanwa upande. Haruhusiwi kujipikia mlo wa kwanza baada ya maziko. Majirani ndio wanaomletea, na kwa kawaida ni mayai na dengu. Kwa nini dengu? Talmudi inajibu kwamba dengu haina mdomo, na mfiwa naye hana mdomo. Mtu anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo la jikoni. Mimi naliona kuwa theolojia nzima imewekwa kwenye sahani: jamii inakiri kwamba mwenzao hana la kusema, wala wao hawana, na bado ale.

Isidhaniwe kwamba Wayahudi hawakujaribu kufikiri. Musa bin Maimun, aliyezaliwa Córdoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, alikuwa tabibu, mwanasheria na mwanafalsafa, na kama kuna mtu aliyeamini kwamba akili inaweza kufika mbali katika suala hili ni yeye. Katika kazi yake kubwa ya falsafa, aliyoiandika kwa Kiarabu, aliyagawa maovu katika makundi matatu: yanayotokana na mwili wenyewe, ambao kwa maumbile yake huzaliwa na kuharibika, yale ambayo watu wanatendeana, na yale ambayo mtu anajiletea mwenyewe. Akasema kundi la kwanza ni dogo kuliko tunavyodhani. Kuhusu Ayubu alikuwa na neno kali. Maandiko, alisema, yanamsifu Ayubu kwa wema wala hayasemi alikuwa na hekima. Angekuwa na hekima, asingeyumba vile.

Huyo huyo alikuwa na mdogo wake, Daudi, mfanyabiashara aliyeitunza familia ili kaka yake apate nafasi ya kusoma. Barua ambayo Daudi alimwandikia kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, ingalipo mpaka leo. Ilikutwa Kairo katika chumba cha karatasi kuukuu cha sinagogi na sasa inatunzwa Cambridge. Anasema amevuka jangwa kwa taabu, bandarini hakukuta bidhaa ya maana, kwa hiyo ameamua kupanda chombo aende India. Anamtuliza kaka yake: aliyemwokoa jangwani atamwokoa na baharini. Hakuokoka. Chombo kilizama katika Bahari ya Hindi, hii hii yetu, pamoja na mali ya familia na ya watu wengine, akaacha mjane na binti mdogo.

Miaka ipatayo minane baadaye, Musa alimwandikia rafiki yake wa Akko, mji wa pwani ya Nchi Takatifu. Alisema tangu siku alipopata habari ile alilala kitandani karibu mwaka mzima, ana homa, ana majipu, moyo umemchanganyikiwa, nusura afe. Alisema bado anaomboleza na hajapata faraja. Kila akiona mwandiko wa mdogo wake, au kitabu chake kimojawapo, moyo humpinduka. Kama isingekuwa Torati, aliandika, na masomo yanayomsahaulisha huzuni, angeangamia.

Katika barua hiyo hakuna makundi matatu ya maovu. Hakumwambia rafiki yake kwamba kifo cha Daudi ni cha kundi la kwanza, ajali ya maumbile, kwa hiyo mwenye hekima asiyumbe. Sidhani kwamba aliisahau falsafa yake. Nadhani alijua mahali pake. Kuna saa ya kuuliza mateso yanatokana na nini, na kazi hiyo hufanywa mezani, na vitabu. Lakini mtu hachukui majibu ya mezani akayapeleka kwenye kitanda cha mgonjwa, hata kama mgonjwa ni yeye mwenyewe. Kilichombakiza hai ni kazi: kusoma, kufundisha, na wagonjwa waliompangia foleni.

Aliyenisukuma hasa kuandika makala hii, hata hivyo, ni rabi wa karne ya 20. Kalonymus Kalman Shapira alizaliwa mwaka 1889 nchini Poland, katika ukoo wa viongozi wa Kihasidi, tapo la Kiyahudi la ucha Mungu wa moyoni, akawa kiongozi wa jamii ya mji wa Piaseczno karibu na Warsaw. Mwaka 1923 alianzisha chuo cha dini mjini Warsaw kilichokusanya vijana kwa mamia. Alikuwa mwalimu wa watoto kwa moyo wote, na aliandika namna ya kumfundisha mtoto ajione kuwa ana thamani mbele za Mungu, badala ya kumtandika ili akariri. Mkewe alikwisha kufariki kabla ya vita. Septemba 1939, Wajerumani walipoipiga Warsaw kwa mabomu, mwanawe wa pekee wa kiume alijeruhiwa. Jamaa walipokuwa nje ya hospitali bomu jingine liliwaua mkwe wake na shemeji yake. Siku chache baadaye kijana naye akafariki.

Wiki chache baada ya hapo, mwanzoni mwa Novemba, ilifika Sabato ya kusomwa kifo cha Sara, mkewe Ibrahimu, katika Mwanzo 23. Shapira alisimama akafundisha. Wafasiri wa zamani walikuwa wameuliza kwa nini kifo cha Sara kimeandikwa mara tu baada ya habari ya Ibrahimu kutaka kumtoa Isaka sadaka, na wakajibu kwamba Sara alipopata habari ya mwanawe roho ilimtoka. Shapira aliichukua tafsiri hiyo akaisukuma hadi mahali ambapo, kwa ninavyojua, hakuna aliyethubutu kabla yake. Alisema Nabii Musa aliziweka habari hizo mbili pamoja ili kututetea mbele za Mungu, kumwonesha kwamba mateso yakizidi, mtu hufa. Akaendelea: Sara mwenyewe alikufa kwa ajili yetu, ili kumwonesha Mungu kwamba haifai kuwatwika wanadamu mateso yaliyopita kiasi. Kifo cha mama wa taifa kikawa malalamiko.

Hebu tumwangalie msemaji. Ni baba aliyetoka kumzika mwanawe. Habari ya Isaka ni habari ya mtoto aliyerudi nyumbani, na wake hakurudi. Kwa mimbari ile angeweza kusema lolote la kujifariji, na kutaniko lingelia likamwelewa. Alichagua kusema mbele ya watu, kwa lugha ya Torati, kwamba imezidi. Nalo lilikuwa tendo la imani, kwa sababu mtu hamlalamikii asiyekuwepo.

Novemba 1940 geto la Warsaw, mtaa waliotengewa Wayahudi, lilifungwa kwa ukuta, ndani yake watu zaidi ya 400,000. Njaa, homa ya chawa, maiti zilizofunikwa magazeti barabarani. Shapira aliendelea kufundisha karibu kila Sabato na sikukuu. Sabato inapokwisha ndipo anapokaa kuandika alichosema, kwani siku yenyewe kuandika ni mwiko. Wanaosoma kurasa hizo wanashangaa kwamba Wajerumani na Wanazi hawatajwi kwa jina hata mara moja. Mazungumzo yote ni kati ya Wayahudi wa geto na Mungu wao.

Mwanzoni alijaribu kueleza, na hili lazima lisemwe, maana yeye pia alikuwa mtoto wa mapokeo yanayofundisha kwamba mateso huja kwa sababu ya dhambi, au kama maumivu ya uzazi kabla ya ukombozi. Kwenye Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya taa, ya mwaka 1941 aliwakemea waliosema kwamba mateso kama haya hayajawahi kuwapata Wayahudi. Yamewahi, alisema, kumbukeni kubomolewa kwa Hekalu, kumbukeni Betar, ngome iliyoangamizwa na Warumi. Ilikuwa hoja ya kutia moyo: wazee wetu walipitia wakabaki, nasi tutabaki.

Tarehe 22 Julai 1942 Wanazi walianza kuwahamisha watu wa geto. Kufikia tarehe 21 Septemba, watu wapatao 265,000 walikuwa wamepelekwa Treblinka, ambako karibu wote waliuawa siku ile ile walipofika. Binti yake Shapira alichukuliwa Agosti. Hotuba yake ya mwisho ni ya Sabato ya tarehe 18 Julai, siku nne kabla ya treni ya kwanza. Baada ya hapo hakuandika hotuba nyingine. Lakini alirudi kwenye karatasi ya ile hotuba ya Hanuka, akaongeza maelezo chini yake: mlinganisho ule ni sahihi kwa mateso ya mpaka katikati ya mwaka 1942 tu. Yaliyofuata, alisema, hayajawahi kuwa.

Sijui maandishi mengine ya dini yanayofanana na hayo. Mtu wa mapokeo, ambaye heshima yote ya kazi yake inatokana na kuonesha kwamba yaliyopo yamekwisha kuandikwa, anakiri kwa mkono wake kwamba hili halimo. Alifuta mlinganisho. Hakuweka maelezo mengine mahali pake. Imani hakuifuta.

Ni nini kilichobaki, basi? Katika hotuba za mwaka 1942 anarudia rudia wazo moja la Talmudi: kwamba Mungu ana mahali pa siri anapolia. Shapira alisema maumivu ya Mungu juu ya watu wake ni makubwa kiasi kwamba chembe yake ikivuja duniani, dunia haitahimili. Ndiyo maana amejificha. Lakini mtu anaweza kusukuma mlango akaingia, kwa sala na kwa kusoma, akalia pamoja naye humo ndani. Mtu anapolia peke yake, alisema, anaweza kuvunjika asiweze hata kusoma. Akilia pamoja na Mungu anapata nguvu. Fundisho hilo halinipi raha. Haliahidi wokovu, na linamwacha Mungu katika hali ambayo vitabu vya dini vya shuleni visingeikubali. Ila naona kwamba ni tumaini la kweli, kwa sababu halikumtaka mtu yeyote ndani ya geto akubali kwamba yaliyompata mtoto wake yalikuwa sawa.

Januari 1943, wakati geto limebaki na watu wachache wa kufanya kazi viwandani, aliandika barua ya kufuatana na hati zake. Aliomba atakayezipata azipeleke kwa ndugu yake katika Nchi Takatifu zichapishwe. Hati zikaingia katika kumbukumbu za siri zilizokusanywa na mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake, zikatiwa ndani ya makopo ya maziwa ya chuma na kufukiwa chini ya jengo la mtaa wa Nowolipki. Shapira aliuawa Novemba 1943 katika kambi ya Trawniki. Desemba 1950 mafundi waliokuwa wakijenga upya Warsaw walichimba wakakuta makopo mawili. Mwaka 1960 hotuba zikachapishwa Israeli.

Lazima nikiri kwamba wapo Wayahudi waliokwenda njia nyingine. Yoel Teitelbaum, kiongozi wa Wahasidi wa Satmar aliyenusurika na kuhamia New York, alifundisha kwamba maangamizi yale yalikuwa adhabu kwa dhambi ya Uzayuni. Wengine, kutoka upande ulio kinyume kabisa na wake, walisema yaliletwa na Wayahudi walioacha kushika sheria. Harold Kushner, rabi wa Marekani ambaye mwanawe alifariki mwaka 1977 akiwa na miaka 14 kwa ugonjwa wa nadra unaouzeesha mwili wa mtoto kwa kasi, aliamua kwamba Mungu ni mwema lakini hawezi kila kitu, na marabi wengi walimpinga. Namheshimu Kushner, hata nisipomfuata, kwa sababu alisema juu ya mtoto wake. Hao wa kwanza walisema juu ya watoto wa wengine. Talmudi inasema mtu akiona mateso yanamjia, achunguze matendo yake. Matendo yake yeye. Hakuna inapomruhusu kuchunguza ya jirani.

Na msomaji asidhani kwamba nazungumzia misiba ya Wayahudi peke yao. Vijana wawili Watanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika mashambulizi ya tarehe 7 Oktoba 2023, na maelfu ya watoto wa Kipalestina wamekufa Gaza katika vita vilivyofuata. Niliona mitandaoni watu wa dini zote wakitafuta aya ya kuonesha kwamba kifo cha upande fulani kimeandikwa na kinastahili. Sheria ile ya sokoni inawahusu wote hao.

Mapokeo yenyewe yana ujasiri wa kutojibu. Rabi Yanai, katika Mishna, mkusanyiko wa sheria ulio msingi wa Talmudi, alisema haimo mikononi mwetu kueleza raha ya waovu wala mateso ya wenye haki. Kuna pia simulizi ya Nabii Musa kuoneshwa na Mungu mwalimu mkubwa atakayekuja baadaye, Rabi Akiva, akifundisha Torati kwa ufundi wa ajabu. Musa anaomba aoneshwe na ujira wake. Anaoneshwa nyama ya Akiva, aliyeuawa na Warumi, ikipimwa kwenye mizani ya buchani. Musa anapaza sauti: hii ndiyo Torati, na huu ndio ujira wake? Mungu anamjibu: nyamaza, ndivyo nilivyokusudia. Jibu hilo ni gumu, na marabi hawakulilainisha. Hata hivyo walihakikisha kwamba swali limeandikwa, tena katika kinywa cha mtu ambaye Torati ilipitia mikononi mwake.

Simulizi ninayoipenda kuliko zote ni ya Rabi Yohanan. Mtu huyu alikuwa amezika wana kumi, na inasemekana alitembea na mfupa mdogo wa yule wa kumi. Siku moja alikwenda kumtazama Rabi Hiya aliyekuwa mgonjwa. Akamuuliza: mateso haya unayapenda? Hiya akajibu: siyapendi, wala ujira wake siupendi. Yohanan hakumhubiria. Alimwambia: nipe mkono wako. Akampa mkono, akamwinua. Baadaye Yohanan mwenyewe akaugua, akaja Rabi Hanina, wakaulizana vile vile, wakajibizana vile vile, naye akainuliwa. Talmudi inauliza: kwa nini Yohanan, aliyeweza kumwinua mwenzake, hakujiinua? Wanajibu: mfungwa hajitoi mwenyewe gerezani.

Wala isipite bila kuonwa kwamba Hiya, mcha Mungu, alisema hataki hata thawabu ya mateso. Mafundisho ya kwamba maumivu yana malipo mazuri yalikuwepo katika ukurasa ule ule, yamejadiliwa kwa kirefu. Aliyelala kitandani aliyakataa, na hakuna aliyemwambia amekufuru.

Nadhani humo ndimo tumaini la Kiyahudi lilimo, katika mkono wa mtu wa pili. Ndiyo maana Kadishi, sala ambayo mtoto humsomea mzazi wake kwa miezi kumi na moja, haiwezi kusomwa peke yako. Lazima wawepo watu kumi. Ndani yake hakuna neno kuhusu kifo wala sababu; ni kulitukuza jina la Mungu na kuomba amani, na wale wengine wanaitikia. Asiyeweza kumsifu Mungu siku hiyo amepewa maneno ya kusoma na watu wa kumbeba.

Jirani zetu Abayudaya wa Uganda wanalijua hili. Jamii yao ilianza karibu na Mbale mwaka 1919, wakati Semei Kakungulu alipoamua kuishika dini ya Torati. Idi Amin aliwapiga marufuku, masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia dini nyingine, na waliobaki walisali kwa siri majumbani. Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 10 na 11 Aprili 1979, na jioni ya tarehe 11 ndiyo iliyoingia Pasaka ya Kiyahudi. Wao wana kila haki ya kumshukuru Mungu kwa ukombozi uliofika usiku wa kukumbuka kutoka Misri. Mtu wa nje akigeuza hilo kuwa kanuni, kwamba Mungu huwaokoa waaminifu wake kwa wakati, atalazimika kuwaeleza mayatima wa Uganda ambao baba zao walichukuliwa na askari wa Amin na hawakuonekana tena. Hana cha kuwaambia.

Kuna hatari moja katika haya yote. Mtu anaweza kusema: ikiwa hatuelezi mateso, basi tukae kimya. Hapo Musa bin Maimun anafaa sana, na lile kundi lake la pili, maovu ambayo watu wanatendeana. Treni za kwenda Treblinka zilikuwa na ratiba, zilikuwa na maofisa, kulikuwa na watu waliosaini. Kumwachia Mungu swali la Treblinka bila kuwauliza wao lingekuwa kosa la pili juu ya lile la kwanza. Huku kwetu kauli ya "ni mapenzi ya Mungu" imewafunika watu wengi waliopaswa kujibu. Kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa na uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 wakafa. Mama aliyepoteza wanawe pale akimuuliza Mungu kwa nini, swali ni lake, na kazi yetu ni kuketi naye na kuleta chakula. Nani aliruhusu abiria wazidi, nani alikuwa usukani, nani alikikagua na lini, hayo ni maswali yetu sisi tuliobaki, yana majibu yanayoweza kuandikwa kwenye ripoti, na anayeyauliza kwa sauti kubwa hajamkufuru Mungu hata kidogo.